Gunia ya bunga kati yangu na mama mukwe

Ijumaa, mujini Baraka

Na kiuno bado kinaniuma, lakini aibu inashinda.

Kwetu mama mukwe hamugusi mukwe wake. Kwa hiyo leo, tukitoka Fizi na pikipiki yangu, aliweka gunia ya bunga katikati yetu, akashika gunia. Mi nikaendesha, mvua inanyesha. Kwenye kona ya mutelemko tairi ikateleza, gunia ikapasuka, tukaanguka kwenye matope. Yeye juu yangu, amenikaba shingo, bunga mupaka kwenye nyusi.

"Mukwe, usiambie mutu."

Bibi yangu, binti yake, alituona tu mulangoni, akacheka mupaka akakaa chini.

Kesho namurudisha Fizi. Nimemuuliza kama nitafute gunia ingine.

"Ya nini tena, mukwe? Si tulishakumbatiana."