Mjomba, Kamera Niliifungua Mimi

Mjomba wangu mpendwa uliye Nakuru,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni, hapa Saltley, ughaibuni. Dirisha limeshika ukungu kwa sababu Mama anachemsha maharagwe, na nje kuna ile baridi uliyoipenda wewe peke yako katika ukoo mzima. Barua hii itakufikia kwa posta, lakini nimemwomba pia katibu aichape kwenye jarida la kanisa, lile linalosomwa na familia zote za Kenya zinazokutana ukumbini. Utashangaa, maana unajua hata kusoma tangazo mbele ya watu huwa natetemeka. Lakini jambo lenyewe ulilibeba mbele za watu, kwa hiyo siwezi kukunong'oneza pembeni.

Unakumbuka Jumamosi ya kwanza uliponichukua? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa umetoka zamu ya usiku kule makao ya wazee, hujalala, ukagonga mlango kabla jua halijatoka.

"Wewe umekesha na wazee wa watu," Mama akakuambia, "sasa unataka kuniulia mtoto na baridi?"

"Dada, ikifika saa nne sakitu yote imeyeyuka. Mtoto utarudishiwa mzima."

Tulitembea hadi kwenye mfereji ulio nyuma ya viwanda. Sakitu ilikuwa imefunika kila kitu kwa weupe kama chumvi: majani, waya, hata kitoroli cha dukani ambacho mtu alikitupa kando ya maji. Wewe ukalala kifudifudi njiani, na koti lako zuri, ili upige picha ya kitoroli. Mtu aliyekuwa akikimbia mazoezi ikabidi akuruke. Mimi nilisogea kando nikafungua kitabu changu, nijifanye sikujui. Uliponiita nitazame kupitia kamera, niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa macho yangu mwenyewe: kila waya wa kile kitoroli ulikuwa umeota manyoya meupe, na yote yalielekea upande mmoja.

"Ni upepo wa usiku huo," ulisema. "Umeandika ulikopita."

Tangu siku hiyo nilikuwa nawe kila msimu wa baridi. Ulinifundisha kuzuia pumzi nisitie ukungu kwenye kioo. Ulinifundisha kubeba betri za akiba ndani ya soksi, mguuni, kwa sababu baridi huziua. Na ulikuwa na lile daftari dogo ulimoandika kila picha: namba, mahali, saa. Nilipenda sana daftari lile. Nilijiambia mtu anayeandika hivyo hawezi kupoteza kitu.

Wasomaji wengine wa barua hii wanakumbuka kamba yako ya Mwaka Mpya. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi ulikuwa ukiwapanga watu mbele ya pazia la kijani ukumbini, familia moja moja, na kila familia ilipata picha moja tu.

"Rudia, nilifumba macho!" watu walilalamika.

"Basi mama yako atajua ulikuwa umechoka."

Kisha siku ya Mwaka Mpya ulifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, ukazibana picha kwa vibanio vya nguo, na kila familia ikachukua yake ya kutuma nyumbani. Niliwahi kukuuliza kwa nini unahangaika hivyo na filamu, wakati kila mtu ana simu. Ukaniambia, "Simu yako ina picha elfu tatu. Nitajie moja iliyo ukutani kwa shosho yako kule nyumbani."

Mwaka jana ukasema baada ya Krismasi tutapiga kambi. Mama alicheka mpaka akaketi.

"Watu wako na nyumba, nyumba iko na hita, na wanaenda kulala kwa hema kama wale wachungaji wa Krismasi!"

"Hata hao waliona kitu," ukamjibu, huku unafunga kamba za mzigo.

Tulikwenda kwenye shamba moja chini ya milima ya Malvern. Mwenye shamba alituangalia, akaliangalia hema letu, akauliza mara mbili kama tuna hakika. Uliweka sheria moja: Kiingereza kinaachwa mlangoni pamoja na viatu. Humo ndani nilikuwa nikikwama katikati ya sentensi, nawe hukunitajia neno hata mara moja. Ulinyamaza tu ukingoja, ukikoroga chai kwenye lile jiko la gesi, mpaka nilipate mwenyewe. Nusu ya Kiswahili ninachokuandikia sasa nilikipata katika kimya chako hicho. Usiku ule wa kwanza nililala nikiwa nimevaa kofia mbili, nikakusikia ukicheka peke yako gizani, nikauliza kuna nini, ukasema, "Hakuna. Nimefurahi tu."

Sasa nafika pale ambapo mkono unakuwa mzito.

Asubuhi ya pili ulichukua mtungi ukaenda kuomba maji kwa mwenye shamba. Kamera uliiacha juu ya mfuko wako wa kulalia. Nilikuwa nimeazima maktaba kitabu cha zamani kuhusu upigaji picha, na nilikuwa nimekisoma mara mbili bila kukuambia. Kitabu hicho kilizungumzia filamu za picha ishirini na nne. Kumbe kuna za thelathini na sita, lakini hilo sikulijua. Nikaona namba kwenye kamera yako ni thelathini na moja, nikadhani filamu imeisha tangu jana na wewe umesahau kuitoa. Nikaamua niitoe mimi. Nilitaka urudi unikute nimeishika mkononi, tayari, uniulize nimejifunza wapi.

Ningekungoja dakika kumi tu nikuulize. Sikukungoja.

Kitabu kilisema zungusha kile kishikizo cha kurudishia filamu mpaka kiwe chepesi. Nilikizungusha upande usio wake, kikawa chepesi mara moja, nikakivuta juu, na mlango wa nyuma ukafunguka. Filamu ilikuwa imelala pale wazi, rangi ya chai ya maziwa, na jua la asubuhi limejaa hemani. Nikafunga haraka, lakini mwanga huiunguza filamu mara moja. Ile namba ilikuwa imerudi mwanzo.

Nilikusikia ukija, maji yakicheza mtungini. Nikachukua kitabu changu, nikakifungua.

Ulishika kamera, ukaitazama ile namba. "Nilibadilisha filamu?" Ulikuwa unajiuliza mwenyewe. Halafu: "Kama niliibadilisha, ile nyingine iko wapi? Picha za watu wote ziko humo."

Ukaanza kutafuta. Ulikung'uta mifuko ya kulalia, ukamwaga soksi, ukachungulia hata ndani ya sufuria. Uliingia chini ya viti vya gari ukiwa na tochi mdomoni. Na mimi nilikusaidia, Mjomba. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizoganda, nikapapasa chini ya hema nikitafuta kitu nilichojua hakipo. Nilisema hata, "Labda ilianguka tuliposimama kununua mkate." Ukanishukuru kwa kufikiri hivyo.

Tulipopanda mlima ulipiga picha tano ukidhani una filamu mpya, kisha kamera ikagoma. Ukakaa juu ya jiwe. Ukahesabu kwa vidole, thelathini na moja na hizi tano, na nikaona umeelewa.

"Ni ile ile. Haikubadilishwa. Ilifunguliwa." Ukanitazama, wala hukuwa umekasirika. "Wewe hukuigusa?"

"No," nikasema.

Ulinyamaza ukaningoja, kama ulivyokuwa ukiningoja hemani nitafute neno. Ulinipa muda wa kutosha. Nilitazama viatu vyangu.

"Basi ni mimi," ukasema. Na baadaye, tukishuka, ukasema kwa sauti ndogo, "Hivi ndivyo kusahau kunavyoanza. Mzee wangu mmoja kule kazini alianza kwa kuchoma birika, akaapa kwamba hakuligusa."

Hapo ningeweza bado kusema. Kutoka juu ya mlima hadi hemani ni mwendo wa saa nzima.

Siku ya Mwaka Mpya hukufunga kamba. Ulisimama mbele ya watu, ukainua ule ukanda mweusi uliopewa na fundi wa kuosha picha, ukasema, "Samahanini. Kosa ni langu." Baba Shiko, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Yaani Mjomba wetu ulitupiga picha stima zikiwa zimepotea?"

Ukumbi ukacheka. "Na vile nilikuwa nimesuka!" Mama Shiko akasema. Mwingine akasema, "Mwacheni, ni uzee huo." Nawe ukacheka pamoja nao, ukainamisha kichwa. "Kweli nimezeeka. Mnisamehe." Mimi nilikuwa nimekaa karibu na meza ya chakula, nikimega chapati. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakikutania kwa jambo wasilolijua. Mimi ndiye niliyejua.

Baada ya hapo niliona yote. Uliacha kuendesha gari. Nyumba yako ilijaa vikaratasi: Zima jiko. Funguo ziko mfukoni. Leo ni Jumanne. Daktari alikupima akasema huna tatizo, nawe ukamwambia Mama, "Bado ni mapema, hawawezi kuliona." Uongo wangu ulikuwa na nguvu kwako kuliko vipimo vya daktari. Mwezi wa nane ukarudi Kenya, miaka mingi kabla ya ulivyokuwa umepanga, na kwenye uwanja wa ndege ukanipa kamera. "Ishike wewe," ulisema, "kabla sijaiweka mahali nikasahau." Nikaipokea. Niliipokea kwa mikono miwili, kama mtoto mwenye adabu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Sikukuogopa wewe. Nadhani nilizoea kuwa mtoto aliyesoma, asiyekosea, ambaye watu wazima humtolea mfano kwa watoto wao. Niliogopa kuupoteza ubora huo, na ili niulinde nikakuacha wewe upoteze imani katika akili yako mwenyewe. Nikiandika hivyo naona jinsi bei yake ilivyo ya kutisha, na ni wewe uliyeilipa.

Juzi ulipiga simu. Mama alikuwa anakanda unga, akaiweka simu kwenye spika, kwa hiyo sauti yako ilisikika jikoni kote. Binamu yangu Wambui anaolewa mwezi ujao na amekuomba umpigie picha. Ukasema, "Nimemwambia atafute kijana. Nitakuja kuharibu siku ya mtoto wa watu." Ulisema kama mtu anayekataa chai. Nikaondoka mezani.

Jana nilimwambia Mama. Alizima jiko kwanza, kisha akaniuliza, "Mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima nampigia ndugu yangu kumkumbusha dawa za presha, na yeye ananishukuru kwa kumkumbusha. Na wewe umekaa hapo unasikia." Akakunja kitambaa cha jikoni, akakikunjua, akakikunja tena. "Mwandikie. Na usijitetee."

Hakunipigia kelele. Ningependelea kelele.

Basi nasema wazi, na Baba Shiko asome, na Mama Shiko, na kila aliyekuwa ukumbini: Mjomba hakusahau chochote. Namba aliyoikumbuka ilikuwa sahihi. Filamu aliyosema hakuibadilisha, kweli hakuibadilisha. Nilimdanganya juu ya mlima na nikaendelea kumdanganya kwa kunyamaza, kila siku, hadi jana.

Sikuombi unisamehe sasa. Nina hofu nyingine iliyo kubwa zaidi: kwamba hutaniamini. Nakujua. Utaisoma barua hii utabasamu, utasema, "Mtoto amenihurumia, amejitwika kosa langu ili nilale vizuri." Na mimi ndiye niliyekufundisha kwamba neno langu linaweza kuwa la uongo.

Kwa hiyo usiliamini neno langu. Kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu, hata Mama jana. Mlango wa kamera ulipofunguka, kabla sijaufunga, niliigusa filamu. Niliibonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayedhani anaweza kurudisha kitu ndani. Siku ile ukumbini, ulipoinua ule ukanda kwenye mwanga, niliiona alama ya kidole changu, karibu na mwisho. Wewe ulikuwa unawatazama watu.

Mama anasema bado unautunza, ndani ya daftari. Utoe, Mjomba. Uende nao dirishani, penye mwanga mzuri, na uchukue ile lenzi yako ya kukuzia. Ni kidole gumba kidogo. Si chako. Nimekiweka tena hapa chini kwa wino, mstari kwa mstari, uvilinganishe mwenyewe. Ukimaliza, mpigie Wambui.

Mpwa wako, niliyeifungua,

(alama ya kidole gumba cha mkono wa kulia)