Uso wa Pazi

Leipzig, 3 Januari 1969

Baba, shikamoo. Mimi mzima, lakini Pazi wa Shangazi Mwanaasha hatunaye. Mashine ya kiwandani ilimvuta jana. Kumleta Bagamoyo haiwezekani. Polisi wakimaliza uchunguzi wao, mwisho wa mwezi, atazikwa huku, mahali wanapopaita Friedhof. Mwislamu niko peke yangu, na sijapata kuzika mtu. Nifanyeje?

Mwanao, Alawi


Bagamoyo, 15 Januari 1969

Marahaba mwanangu. Tu wazima wa mwili tu. Dada yangu hali, hasemi. Namtania aninunie, hata kununa hawezi.

Hiyo Friedhof naijua mimi. Utotoni nikifyeka majani makaburini kwa Wajerumani hapa hapa, bwana mmoja mwenye sharubu kama pembe za beberu akanifundisha: Fried amani, Hof ua. Ua wa amani! Nikamwuliza, "Amani gani, bwana, na mbu wetu wamewamaliza?" Nikala kofi.

Sasa sikia. Mwoshe, mkafini, mlaze ubavu wa kulia, uso kaskazini, kama babu zako wote. Mama yake anataka hilo moja tu: mwanawe aelekee kibla.

Baba yako


Leipzig, 20 Februari 1969

Shikamoo Baba. Shangazi anakula sasa?

Nilimzika ulivyosema, kaskazini barabara, kwa dira ya kuazima. Jana Msiria mmoja, mgeni mjini, kaja kumsomea Yasini, akashtuka: "Mbona umempa Maka kisogo?" Kibla ya huku ni kusini mashariki, Baba. Kaskazini ni ya kwetu. Nimeomba tumfukue, wamekataa.

Mwalimu wangu wa Kijerumani ananiambia hata hiyo Fried si amani. Ni neno la kale la kuzungushia uzio. Amani watu wameitia baadaye, walipolisahau la zamani.

Nimwambie nini Shangazi?

Mwanao, Alawi


Bagamoyo, 11 Machi 1969

Marahaba mwanangu. Mimi mzima, sijui wa nini.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kama tusomavyo zote hapa barazani, mimi na yeye tu, ulimi ukatangulia macho. Shangazi yako akasikia yote. Hakulia. Akasema, "Nikifa, nami nilazeni kisogo kibla, niwe kama mwanangu." Nikamtania, "We dada, malaika wakuhoji kisogoni?" Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Ijumaa akafariki.

Nilishuka mwenyewe kaburini kumpokea. Watu wamejaa juu, sheikh ananitazama. Wosia wake naujua mimi peke yangu. Nikamlaza kibla, sikuthubutu vingine.

Basi sasa anatazama kaskazini, huko huko aliko Pazi. Anamwona kisogo.

Baba yako