Bidoni ya Nathan ku bwato

Mama yangu wa Pweto,

Usishangae kama hii karte inakosa kona, mujukuu wako Nathan ameikula sasa hivi.

Niko na kasirani! Jana tuliingia bwato ya tanga ku ziwa ya hapa Lubumbashi. Nikafunga bidoni mutupu ku mutoto, vile ulinifundisha. Shemeki Papy akacheka: “We mama wa kijiji, unaenda kuchota maji?” Mvula na upepo mukali ikakuya. Papy akapiga kelele: “Weka mutoto ku mugongo!” Nikakatala, ku mugongo angezama na mie. Bwato ikapinduka. Nathan akaelea, na Papy akakamata ile bidoni! Bavuvi njo balitutosha mu maji. Leo anaambia bageni yeye njo alituokoa!

Mungu akuchunge, Mama. Ubaambie bamama bengine, ku bwato basifunge mutoto ku mu... Papy anaita: “Mama Nathan, kuya ubaambie vile nilibaokoa!” Aya, naenda kubaambia ya bidoni.