Minazi ya Fujian

Dada Mwanabaraka,

Asalaam aleikum na shikamoo. Barua hii ikukute mzima, macho ya Mama yamepata nafuu na shemeji bado anakoroma. Mimi huku Hounslow sijambo, ila baridi imenivisha suruali mbili, natembea kama bata.

Kazi ni ile ile, nauza mawe ya makaburi kwa Bwana Pradip. Biashara nzuri, Dada, mwenye jiwe hajawahi kurudi kulalamika. Mawe yanatoka China, jimbo la Fujian, huko pwani. Siku naomba kazi nilimwambia Pradip nimeishi Fujian miaka miwili. Usinicheke. Mlangoni wamejaa watu wanaitaka kazi hiyo hiyo, na mimi njaa inanipigia ngoma.

Basi mteja akija, naitwa nimpe habari za Fujian. Ya kweli nimeyaokota kwa madereva wanaoleta mawe na kwenye kalenda ya ukutani: kule milima tu, pa kulima padogo, ndiyo maana watu wanachonga mawe, wanapanda chai na mianzi, wanashona viatu vya dunia nzima, na baharini wanavuna mwani na chaza. Hayo yakiisha, natia ya kwetu. Nasema wanawake wa Fujian wanafukia makumbi ya nazi pwani, yakioza wanayafukua, wanayaponda, wanasokota kamba huku wanasengenyana. Wazungu wanatoa machozi, wananunua jiwe kubwa. Pradip husimama nyuma, anasikiliza mpaka mwisho.

Wiki iliyopita kaniambia magoti yake hayataki tena ndege, kwa hivyo mwezi ujao niende mimi Fujian kuchagua mawe, si ndiko kwangu? Tiketi juu yake. Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikaenda kujifungia chooni.

Sasa nakwambia wewe, na Mama umwambie kwa upole, maana kila simu anauliza nakuja lini. Visa yangu iliisha zamani. Nikitoka nchi hii hawaniingizi tena, na dawa zake nani atanunua? Kukaa naweza, kutoka siwezi. Landani yote hii kubwa, mimi nimo kama kuku tengani.

Nikatoka chooni nikamwambia Pradip yote mawili, nikijua kazi imekwisha. Kumbe la Fujian alilijua tangu wiki ya kwanza. Kaniuliza, we mwehu, minazi ya Fujian umeipanda lini? Yeye kaenda huko kila mwaka, hajaona kumbi hata moja. Akasema makumbi yangu ni ya Bwejuu, kwetu kule Unguja. Baba yake alikuwa na duka pale, wakaondoka baada ya Mapinduzi, yeye mtoto. Paspoti anayo, nauli anayo, na hajarudi. Anaogopa kufika asipate hata mmoja wa kumjua.

La visa hakulijua. Akasema kesho nije kazini kama kawaida, na mdomo wangu niufunge.

Tangu siku hiyo, tukishafunga, ananitaka nimsimulie makumbi tena, safari hii bila kuitaja Fujian. Kwa wateja nasema mpaka mate yanakauka. Kwake yeye, nikifika pale Mama anapoinama kufukua, naishia hapo. Naye hanihimizi. Tunakaa tunatazama mawe.

Nibusie Mama mkono, watoto wape salamu zao, na shemeji umgeuze alale ubavu.

Ni mimi mdogo wako mtundu,
Vuai