Safari ya Kwenda Kuona Majani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua "marahaba" yako sitaisikia tena, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba salamu ya mkubwa hutolewa hata kama amelala. Arobaini yako tumeimaliza juzi. Watu wamesoma, wamekula, wamelia, wamerudi makwao, na mjomba amebaki kibarazani anakoroma vilevile unavyomjua. Mimi nimechukua kalamu ya mume wangu nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile nilizofundishwa na mwalimu aliyekuwa akinichapa vidole. Ukiona mwandiko umepinda, mlaumu yeye.

Jana mjomba aliniuliza tena, mbele ya wageni, bila haya: "Hebu sema kweli, mwanangu. Safari ile ya Korogwe ilikuwa na maana?" Miaka yote hii ndugu yako hajachoka na swali hilo! Nikamwambia nitamjibu, ila kwanza nizungumze na mwenye safari.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilikuwa kiangazi kile kisima chetu kilipobaki tope. Mhina, mume wangu, alirudi kutoka Korogwe alikopata kazi kwa Mzungu mwenye shamba la mkonge kando ya Mto Ruvu, huo wanaouita Pangani. Kazi yenyewe ilikuwa kumbebea mfuko wa fimbo. Tulimcheka! Akaapa kwamba ni kweli, Mzungu ana uwanja mkubwa, na mchezo wenyewe wanauita gofu. Anapiga kijipira cheupe kwa fimbo, anakifuata, anakipiga tena, mpaka kiingie kwenye kishimo.

"Kikishaingia?" mjomba akauliza.

"Anakitoa."

"Halafu?"

"Anakwenda kutafuta kishimo kingine."

Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Wewe hukucheka. Ulikuwa nyuma ya mlango, kwa sababu mkweo alikuwa uani na adabu haikuruhusu mtazamane. Ukaniita pembeni. "Muulize mwenzio, hayo majani ya uwanjani yanaota yenyewe?" Nikamuuliza. Akajibu huku anaangalia vidole vyake vya miguu: hayaoti yenyewe, yanapandwa. Yananyweshwa maji ya mfereji kiangazi kizima, yanakatwa yawe mafupi, na watu wanapiga magoti kung'oa kila kisicho majani. Hata mche wa muhindi ukijiotea pale, unang'olewa.

"Wanayapalilia majani?" ukasema kwa sauti, ukasahau kabisa kwamba mkwe anakusikia. "Mimi tangu niliposhika jembe napigana na majani. Yamenimaliza mgongo. Nataka niende nikayaone huko yanakotunzwa."

Ungekuwa na macho mazima tungecheka, yakaisha. Lakini jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia lilibaki la asubuhi tu, jua likiwa jema. Mganga alikuwa amekwambia wazi kwamba halitafika masika. Kila mtu nyumbani alijua kuwa unachokitazama sasa ndicho utakachobaki nacho. Ndiyo maana mjomba alikasirika. "Dada, hicho kijicho kilichobaki kitazamie wajukuu zako. Leo ukakimalizie kwenye majani?" Na mimi nilikuwa upande wake, mama, tena kwa mdomo mkali. Nilikwambia majani yapo tele nyuma ya choo, na sitembei siku tatu kwenda kutazama mengine. Ukanijibu taratibu, "Hayo ya nyuma ya choo nayajua kwa majina."

Mjomba, kwa kuwa ndiye msemaji wa ukoo, akaleta suluhu yake. Wajerumani wa boma la Handeni nao, alisema, wana kiwanja cha mchezo huohuo. Ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa nini mtu apite kisima cha jirani akateke maji ng'ambo? Tukaenda. Tulikuta udongo mwekundu uliofagiwa, vijiti vimechomekwa hapa na pale, na mbuzi wa akida wanapita katikati wakiacha vinyesi vyao. Askari akatujia mbio. "Mnataka nini hapa?" Nikasema tunatazama. "Mnatazama nini?" Nikakugeukia. Wewe ulikuwa umeinama, unaupapasa udongo.

"Hapa ni pa kuanikia mtama," ukasema.

"Basi, umekwisha kuona," mjomba akasema.

"Nimeona kwamba uwanja wenyewe siyo huu."

Tulirudi nyumbani mjomba akiwa ameshinda na amenuna kwa pamoja. Kisha jioni ileile ukajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yako mwenyewe, kizingiti ulichokivuka tangu ulipoolewa. Ulikaa chini ukashika mguu, hukulia, ukawa unaniambia tu kwamba mtu amekisogeza. Hakuna aliyekuwa amekisogeza, mama. Niliingia jikoni nikatwanga unga wa njiani huku machozi yananitoka, nikamwambia Mhina afunge mizigo.

Njiani ulinichekesha ingawa nilikuwa na hofu. Mhina hakuweza kutembea pamoja na mama mkwe, basi akatangulia mbali tusimwone, na kila penye njia panda akaweka tawi bichi juu ya njia isiyo yetu. Wewe ulilipapasa tawi kwa mkongojo, ukasema, "Mkwe wangu amepita, ana akili leo." Mkono wako ulikuwa begani kwangu muda wote. Tulilala Sindeni kwa ndugu, tukalala tena kwa watu tusiowajua waliotupa muhogo wa kuchemsha, na kila asubuhi nilikuuliza unaona nini. Kila asubuhi ulitaja kidogo kuliko jana. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo kwamba jicho lile lisizime kabla hatujafika.

Tulitoka kichakani jua likiwa limepanda kiasi. Nyuma yetu nchi nzima ilikuwa ya kijivu, miti haina jani, vumbi mpaka kwenye kope. Na mbele yetu, mama! Mimi mwenyewe mwenye macho mawili nilisimama. Ardhi ilikuwa kijani kutoka miguuni petu mpaka mtoni, inapanda kidogo, inashuka, haina kichaka, haina kisiki, haina jiwe, na ng'ambo milima ya Usambara imekaa kimya inaitazama. Sikujua kama nchi inaweza kulala hivyo bila kitu juu yake. Ulinibana mkono mpaka pete ikaniumiza.

"Subhanallah," ukasema. "Mwisho wake uko wapi?"

"Mbali, mama."

"Usinidanganye. Naona kijani tu."

"Ni kijani tu kweli. Huna ulichokikosa."

Ukavua viatu vyako vya ngozi, ukanitaka nami nivue vyangu. Ulikanyaga kwa unyayo mzima, ukasimama, ukakanyaga tena. Ukaona aibu, ukaniambia, "Yanapendeza haya. Adui zangu wanapendeza." Nilicheka nikakukumbatia.

Kisha ukakiona kitambaa chekundu. Kilikuwa kwenye mti mwembamba uliosimikwa, na chini yake kishimo kidogo, pembeni pamesafishwa vizuri. Nani wa kwetu angekosea? Kitambaa, kishimo, usafi wa namna ile, hapo ni mzimuni kwa watu. Ulipiga magoti palepale, ukatoa unga wetu wa njiani, ukaukoroga na maji ya kibuyu, ukaumimina kishimoni taratibu. "Wenyeji wa hapa," ukasema, "sisi ni Wazigua wa Handeni. Tumepita bila kuitwa, lakini tumepita kwa adabu. Huko kwetu hakuna mvua."

Mhina alitukimbilia, akakumbuka kwamba kuna mama mkwe na hakuna hata kichaka cha kujificha. Masikini, akageuka akatupa mgongo, akawa anapiga kelele kuelekea mtoni: "Mke wangu! Mwambie mama siyo mzimu hapo! Nitakula kiboko mimi!"

Ukanijibu, "Mwambie mkwe anyamaze. Hakuna mahali pasipo na wenyewe."

Hapo ndipo kijipira cheupe kikaja. Hatukuona kilikotoka. Kilibingirika polepole juu ya majani, kikasimama hatua chache kutoka mkono wako, na wewe ukanong'ona, "Yai. Wamejibu." Na nywele zilinisimama, usinicheke, nilijua ni nini na bado zilinisimama. Nyuma yake akaja Mzungu, shingo nyekundu, fimbo mkononi. Akaangalia unga kishimoni. Akaangalia miguu yako mitupu. Akamwuliza Mhina kwa lugha yao, na Mhina, bado ametugeuzia mgongo, akaniuliza mimi kwa Kizigua, nami nikakuuliza wewe.

"Anataka kujua tunafanya nini hapa, mama."

"Mwambie avue viatu."

Yailahi! Nilimfikishia Mhina maneno hayo kama yalivyo. Alichomwambia Mzungu mpaka leo hajanieleza, lakini jasho lilikuwa limemlowanisha shati lote. Mzungu alikisogelea kijipira. Akainama, akakipiga kijipira chake kidogo tu, kikaingia kishimoni, akakitoa kimejaa uji wa unga, akakifuta kwenye suruali. Akasema maneno machache akaenda zake.

"Amesema nini?" ukauliza.

Mhina akanijibu mimi. "Amesema vishimo vingine visiguswe."

Tukakaa. Ukawa unapapasa majani kwa kiganja, na furaha ikaanza kuchanganyika na hasira, nikaisikia kwenye sauti yako. "Maji yote haya," ukasema, "wanayanywesha majani. Sisi kule tunachuja tope kwa kanga." Kisha ukasema tena kwamba ni pazuri, Mungu akusamehe, ni pazuri sana. Mimi nilikuwa naliangalia jua, nikihesabu moyoni muda uliobaki wa jicho lako siku ile. Nikasema tuondoke, umeshayaona majani.

"Bado," ukasema. "Nenda mpaka mwisho kule."

"Kufanya nini?"

"Nenda mpaka kwenye maji, halafu geuka uje kwangu. Njoo taratibu."

Nilidhani jua limekupata. Lakini ukanieleza, na maneno hayo ninayo mpaka kesho. Ulisema kwetu ni vichaka. Mtu unamsikia kwanza, halafu unastukia yuko mlangoni. Ulinizaa, ukanilea, ukanioza, na hujapata hata siku moja kuniona nikija kutoka mbali. Uliposikia kwamba kuna mahali ambapo hakuna kitu kinachosimama kati ya mtu na mtu, ulijua hapo ndipo pa kulipeleka jicho lako. "Majani nilitaka kuyaona, sikatai," ukasema. "Lakini nenda basi, jua halinisubiri."

Nilikwenda. Nilikanyaga yale majani nikiwa nalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nilipofika kwenye ukingo niligeuka, nikakuona mdogo, umekaa wima, umeweka kiganja juu ya jicho. Nikaanza kuja. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilitembea vibaya, nikajirekebisha, nikafunga kanga vizuri, nikawa naona haya kwa mama yangu mwenyewe. Wewe ulinitazama mpaka nilipofika, na hata nilipofika ulikuwa bado unatazama. Kisha ukasema, "Kumbe unatembea kama bibi yako." Tukaanza safari ya kurudi.

Mwanga ulikuaga kabla ya masika, kama alivyosema mganga. Wajukuu uliwajua kwa sauti na kwa vichwa vyao, na hukulalamika. Mjomba alikuwa akikuuliza, nawe unamjibu, "Nimeona majani, ndugu yangu, waache watu wale ugali." Hukumwambia lingine, na mimi sikumwambia. Mhina anasema siku hizi yule Mzungu ameondoka, mwingine amenunua shamba, na uwanja wote umepandwa mkonge. Mtu akitoka Handeni leo kwenda kupaona, atakuta miiba.

Nimekaa hapa nakuonea wivu na nina hamu nawe kwa pamoja. Nina watoto wanne, na wote huwaona wakishafika mlangoni. Mwenzako ninaogopa, mama. Sijui siku zangu zikikaribia nitawapeleka wapi ili niwaone vile.

Kumepambazuka, mjomba anakohoa kibarazani. Nitampelekea uji wake, nimkalishe vizuri, nimwambie ilikuwa na maana, na sababu nimwambie yote, akasirike akitaka. Alikupenda naye. Ana haki ya kujua jicho lile liliishia wapi.

Pumzika, mama. Udongo uwe mwepesi juu yako.

Mwanao, uliyemwona akija.