Kaseti ya Mume Wangu na Mwandishi Aliyeisifu

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize wewe, maana huku nyumbani nikisema naambiwa nina wivu. Naishi Tarasaa, nina mtoto mmoja, bado ananyonya. Mume wangu Kahindi ana bendi ya roki na wenzake watatu, na baada ya yale mafuriko yaliyotuharibia mashamba wakajikakamua wakarekodi kaseti yao ya kwanza Mombasa bila kampuni yoyote, na ilipotoka mtangazaji mmoja wa redio akasema ni kelele za mashine ya kusaga mahindi, gazeti nalo likasema vijana warudi shambani, mume wangu akawa hali chakula, nikawa nambembeleza yeye na mtoto pamoja. Mara mwandishi mmoja wa kike wa Malindi, wa gazeti la kila wiki, akaisifu ukurasa mzima, hasa ule wimbo wa kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, akaandika kwamba Kahindi huuimba kafumba macho, na kwamba alifunzwa na mama yake katika shamba la mpunga.

Sasa mshauri, kaseti inaonyesha macho? Tena mama mkwe ni muuza nguo Malindi, mpunga anaujua ukishakuwa wali. Wimbo ule ni wangu, niliuimba kwetu Ngao tangu mdogo nikifukuza ndege wasimalize mpunga, na Kahindi aliusikia kwangu. Nikamuuliza, "Baba Mbeyu, huyu mwandishi mlikutana wapi?"

"Simjui hata kwa sura. Atakuwa amekisia."

"Amekisia mpaka mama yako?"

Akachukua gitaa akatoka. Siku hizi safari za Malindi haziishi, na shati anajipigia pasi mwenyewe. Nampenda, lakini siwezi kuishi na mtu wa kunificha. Nifunge virago nirudi kwa mama, au ningoje?

Mama Mbeyu, Tarasaa

Mama Mbeyu, pole kwa kulea. Huna wivu, una masikio. Mumeo alikutana na huyo mwandishi, hilo usilibishanie tena. Lakini nimekaa magazetini miaka, na nimewaona wanamuziki waliosemwa vibaya wakija mlangoni na gitaa kuomba wasikilizwe upya, kisha wanaona haya kusema nyumbani. Huenda ndivyo, huenda sivyo. Hilo shati la pasi mimi pia silipendi.

Ila wewe nawe unahangaika na mwanamke, na wimbo wako umechukuliwa mchana kweupe. Mumeo alipoulizwa nani kamfunza, alikuwa na mke wa kumtaja, akamtaja mama. Ama anataka sifa peke yake, ama anataka aonekane hajaoa. Yote mawili yana dawa moja.

Virago viache kwanza. Mwambie akupeleke kwa huyo mwandishi, wewe na mtoto mgongoni, aseme mbele yako wimbo ni wa nani, na gazeti liandike. Akikubali, utaona mwenyewe wanavyosalimiana. Akikataa, usingoje sababu. Nenda Ngao, na umwambie wimbo huo asiuimbe tena.