Nilipoishia kwa Babu

Dada Mbeyu,

Hujambo na jua la Taru? Niko Msambweni na Mwalimu Ivo, yule Mkroatia ninayefundisha naye, anayeandika historia za vijiji. Leo, kabla hajaketi vizuri, alimuuliza Bi Mwanasha, mwenyeji wetu, habari za wazee wa hapa. Bibi akamsogezea wali na papa wa nazi.

"Kula kwanza. Kisha utuambie wewe ni wa nani, nasi tutakwambia sisi ni wa nani."

Ivo akataja ukoo wake hadi babu wa babu yake, wali ukapoa. Bibi akanigeukia. "Na wewe, mwanangu?"

Nikaishia kwa babu; wa juu yake simjui. Uhuru tumeupata, Mbeyu, na mimi nimeishia kwa babu. Sikubali.

Mpe nyanya shikamoo yangu, na apumzishe sauti, maana yeye ndiye atakayenisimulia. Ijumaa nakuja kuandika ya kwetu.

Nduguyo akupendaye,
Mwero